Karanga za Nyuma ya Ghala

Sechelela,

Huna adabu hata kidogo. Mtu anayetoka Dodoma mjini kuja hapa anakunywa chai kule na chakula cha mchana anakula kwangu, na wewe umeniacha miaka na miaka ukinitumia salamu kwa simu ya jirani kama vile mimi ni ofisi. "Shikamoo bibi, uko salama? Nimekutumia sukari." Sukari inakaa na mtu jioni ikazungumza naye? Mbuzi waliozaliwa baada ya wewe kuondoka sasa na wao ni mabibi. Halafu unakuja, unakaa siku mbili, unaniambia umehamishiwa Sumbawanga na kesho asubuhi unaondoka. Hivi Sumbawanga ni wapi? Nimemuuliza kijana wa bodaboda aliyekuleta kutoka Mpwapwa, akanyoosha mkono kuelekea jua linakozama, na ule mkono ukazidi kunyooka.

Basi, nimemaliza kugomba. Kaa chini usome.

Nakuandikia mchana huu ukiwa umekwenda kuwaaga wajomba zako. Nimekataa kufuatana nawe nikasingizia goti. Goti linauma kweli, lakini siyo kwa ajili yake nimebaki. Mwandiko wangu unaujua, kuku amepita kwenye majivu. Sikukaa darasani hata siku moja, baba alisema mbuzi hawajichungi. Herufi nilizipata kwa akina mama wenzangu wa kanisa nikiwa tayari nimemzaa mama yako. Tulichora kwa vidole mchangani, upepo ukaja kusahihisha. Na kwa kuwa zilinijia kwa Kiswahili, nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa nikikasirika au nikilia mdomo wangu wenyewe unarudi kwenye Kigogo.

Sikuandikii habari ya baridi ya huko, wala ya kufunga milango, wala ya wanaume. Unayajua hayo kuliko mimi, na ya wanaume ambayo huyajui watakufundisha wenyewe. Nakuandikia habari ya karanga.

Jana jioni nilikupikia mlenda, nikautia karanga, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa unalamba hadi mwiko. Umenusa tu. Ukalisogeza bakuli pole pole kama mtu anayesogeza kitu cha mgonjwa.

"Bibi, karanga zinanisumbua tumbo."

"Tangu lini?"

"Zamani sana." Na ukacheka.

Nikakuambia, haya, tuombee chakula, wewe ndiye mgeni. Ukasema, "Omba wewe bibi. Mimi na Mungu tulishaachana, siku hizi tunasalimiana tu." Ukacheka tena. Mke mwenzangu, mimi kijiji kizima kinanijua kwa mdomo. Nimewajibu watendaji, nimewajibu walevi, niliwahi kumjibu hata mchungaji katikati ya ibada. Jana nilikusogezea chumvi tu. Nilisema, "Kula, kitapoa." Umekula ugali kwa chumvi mbele ya macho yangu, na mimi nikaula mlenda ule peke yangu.

Tumbo lako halina ugomvi na karanga. Ninajua kilichokupata. Kilichokupata ni mimi.

Unakumbuka mama yako alivyokuwa amelala chumba cha nyuma, Yunisi wangu, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Hospitali walisema figo zimechoka, turudi naye tukamtunze nyumbani. Mimi sikusikia neno la kumtunza. Nilisikia kwamba sasa kazi ni yangu na maombi yangu. Nikatangaza mfungo nyumba nzima, hakuna kutia kitu mdomoni mpaka jua lizame, mpaka Yunisi anyanyuke. Na wewe nikakuingiza humo, mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa bado yanaota. Mama yako akaniambia kwa ile sauti yake iliyokwisha, "Mama, muache mtoto ale." Nikamjibu, "Wewe pona, mengine niachie mimi." Lisome tena jibu hilo. Mgonjwa anamwombea mtoto wake chakula, na mimi namfokea kwa jina la Bwana.

Nikakukuta nyuma ya ghala. Umechuchumaa, maganda yamezagaa miguuni, mashavu yamejaa kama panya wa shamba. Uliponiona ukaacha kutafuna. Hukumeza, hukutema, ulikaa tu hivyo na mashavu yako ukinitazama. Ningeweza kucheka. Mtu mwingine yeyote angecheka. Mimi nikasema, "Umevunja mfungo wa mama yako."

Na isingekuwa kitu kikubwa sana kama ningeishia hapo. Mama yako akafariki juma lile lile. Siku ya matanga wanawake wameketi chini, umekuja ukanishika kanga, na mimi nikakutoa mkono. Nikasema, "Nenda. Si ulikuwa na njaa? Sasa kula." Wote walisikia. Hakuna aliyenikemea, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wao wa maombi. Kiongozi wa maombi, mimi!

Hukulia. Ulikwenda ukakaa kwenye kinu kilichopinduliwa ukachezea uzi wa gauni lako. Nadhani ni siku hiyo ndipo ulipoachana na Mungu, na mimi ndiye niliyewaachanisha.

Nikueleze maneno yale niliyatoa wapi. Sijitetei, usinione najitetea, utetezi sina. Nataka ujue tu yalitoka wapi, ili siku yakikurudia masikioni usidhani yalitoka mbinguni.

Nilipokuwa msichana mvua ikigoma watu walikwenda kwa mtemi wetu, mwenye mvua. Yeye alikuwa akitangaza miiko: siku hii na siku ile hakuna kushika jembe, hakuna kupanda. Watu wakashika miiko, na wakati mwingine mvua isije hata hivyo. Hapo hakuna aliyesema kwamba mtemi ameshindwa, au kwamba mawingu yana mambo yake. Walisema yupo aliyevunja mwiko, na atafutwe. Mwaka mmoja akapatikana shangazi yangu Mbeleje, yule aliyenibeba mgongoni mama akiwa mgonjwa. Watoto wake walikuwa hawana kitu, naye alikwenda kufukia mbegu kwenye udongo mkavu siku ya mwiko, akitegemea mvua zikija zimkute yuko mbele. Wakamtoza kondoo mweusi, kondoo wake wa pekee. Sisi watoto tulimfuata njia nzima tukimzomea, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko za wenzangu, kama unavyoweza kukisia. Mvua ilikuja baadaye sana, ikanyesha kwake na kwetu sawasawa. Hakuna aliyerudi kumwambia pole.

Nikakua, nikaolewa, nikabatizwa. Nilipewa jina jipya, nikajifunza nyimbo zote, nikatupa hirizi, nikadhani nimeacha vyote. Kumbe moyo nilivuka nao ule ule. Nilimwondoa mtemi kwenye kiti nikamkalisha Yesu pale pale, kiti hakijapanguswa hata vumbi, nami nikaendelea kumtafuta mwenye kondoo mweusi. Yunisi hakupona. Nani amevunja mwiko? Nikatazama huku na huku, nikakuona wewe na maganda yako.

Ndiye Mungu niliyekupa huyo, mjukuu wangu. Ukimwacha huyo sikulaumu. Mimi mwenyewe nilimwacha, ila nimechelewa kukuambia.

Ulipokwenda kusomea uuguzi watu walinipongeza. "Mjukuu wako ana moyo wa huruma." Nilikuwa nikiitikia, lakini rohoni nikijua kingine. Nilikuwa nikijiambia, mtoto huyu hajafungua ule mfungo mpaka leo. Anauguza mama za watu ili amlipie mama yake. Kama nimekosea utaniambia. Ila jana nilikuona ukila ule ugali kwa chumvi, na sidhani kama nimekosea.

Nyumba ikabaki mimi na punda. Kiangazi hicho nikawa nashuka korongoni kila asubuhi na madumu, unakujua, pale tulipokuwa tukichimba mchanga mimi na wewe. Unajua maji ya pale yalivyo na maringo. Ukichimba kwa pupa yanachafuka, ukichota kwa nguvu kingo zinabomoka unaanza upya. Unachota kidogo, unakaa, unayangoja yajikusanye. Wakati wa kungoja nilikuwa naomba. Na sala zangu unazikumbuka: Kiswahili kilichopigwa pasi, ewe Mwenyezi, tunakusihi, tunanyenyekea mbele zako. Nilikuwa nampelekea Mungu Kiswahili kama mtu aliyekwenda ofisi ya mtendaji kuomba kibali, amevaa viatu vya kuazima, anaogopa kukosea neno akafukuzwa mlangoni.

Siku moja mchanga ukakataa. Nimechimba mpaka nimezama kiunoni, unyevu tu. Goti linauma, punda ananitazama kama mwanamume asiye na kazi. Sijui kilinipanda nini. Nikamgombeza Mungu, na nikamgombeza kwa Kigogo. Nilimwita kama nilivyokuwa nikimwita mama yangu nikiwa mtoto nimeangukia mwiba. Nikamwambia, Wewe! Yunisi umechukua, Seche ameondoka hata kunitazama hanitazami, na maji nayo unayataka? Sema basi unataka nini kwangu, maana sina kilichobaki isipokuwa huyu punda, na yeye mwenyewe ni mvivu.

Kumbe Mama Chedego, jirani yangu, amefika na ndoo yake amesimama juu ya ukingo.

"Mbukwa, mama," akaniamkia. "Unagombana na punda?"

"Na Mungu."

"Haa! Anakujibu?"

"Bado. Lakini hajaondoka."

Akachungulia shimoni, akanitazama. "Basi ukimaliza zamu yako mwambie na mimi nipo foleni." Akaketi zake kivulini akanisubiri, akaanza kusuka ukili wake wa mkeka. Sijawahi kumshukuru mwanamke yule kwa kutonicheka.

Alipochoka kungoja akaenda zake na ndoo tupu, mimi nikabaki. Na pale ndipo nilipomwambia Mungu maneno niliyokuambia wewe siku ya matanga. Kwa Kigogo, neno kwa neno, bila kuyafunika. Nilikuwa sijawahi kuyatamka tena. Nikainama nikangoja anitoe mkono. Kwa maana ndivyo nilivyomjua, na ndivyo nilivyokufanya wewe.

Sikusikia sauti. Wapo wanaosikia sauti, wanatushuhudia kanisani na mimi napiga makofi, lakini mimi sikusikia kitu. Nilijua tu kwamba sijafukuzwa. Mtu huwa anajua, Seche. Ukiingia nyumba ya mtu asiyekutaka unajua hata kabla hajafungua mdomo, na ukiingia kwa anayekutaka unajua vile vile. Nililia mpaka kamasi. Nilipofuta uso, chini kulikuwa na maji kama ya kujaza kata moja. Usije ukasema nimekuambia ni muujiza. Maji ya mchangani hujikusanya ukiyaacha, hata kwa mwizi. Nayataja kwa sababu niliyanywa, na yalikuwa baridi.

Kesho yake nikarudi na sikuomba kitu. Nimekwenda kukaa tu. Tangu hapo ndivyo tunavyoishi mimi naye. Namwambia habari za goti, za mbuzi wa jirani wanaoingia shambani, za yule mhubiri mpya anayepiga kelele kama Mungu yuko Singida. Siku nyingine simwambii kitu naye haniambii, kama mimi na babu yako tulipokuwa tukipura mtama, kutwa nzima bila neno, na jioni tunarudi tumeshiba maongezi. Na zipo siku ni mchanga mtupu. Nachimba, nakaa, narudi na dumu langu. Sitakudanganya kwamba kila siku ni tamu. Lakini kesho yake nashuka tena, kwa sababu nimemzoea. Zamani nilimwogopa nikaita kumpenda. Sasa nampenda, na ile hofu sijui ilitoka saa ngapi, sikuisikia ikifunga mlango.

Kinachonichoma ni kwamba nimempata nikiwa kikongwe na wewe hupo. Ningemjua hivi siku ile, ningekaa chini nyuma ya ghala, na goti langu lilikuwa zima wakati ule, nikakuomba unimegee karanga mbili. Tungekula wote. Halafu tungeingia ndani kwa mama yako na vinywa vyetu vinanuka karanga, tukamshika miguu.

Na hapa kuna jambo ambalo sijakuambia, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ile nilipotoka kwako, niliingia moja kwa moja kwa Yunisi, nikamshitaki mtoto wake. Nikasema, "Mwanao amekula."

Akafungua macho. "Amekula nini?"

"Karanga. Nyuma ya ghala, anajificha kama mwizi."

"Nyingi?"

"Mashavu yamejaa!"

Mama yako akacheka, Seche. Midomo imepasuka, hana nguvu ya kugeuza shingo, na akacheka mpaka machozi yakaingia sikioni. Akasema, "Afadhali. Afadhali mmoja wetu ameshiba." Akalala usingizi mzuri mchana ule, usingizi ambao hakuwa ameupata siku nyingi.

Hayo yalikuwa maneno yako. Yalikuwa mali yako, na mimi nimeyakalia miaka yote hii, kwanza kwa hasira, kisha kwa aibu. Nilipokuwa pale shimoni nikijua kwamba sijafukuzwa, nilijiuliza uso huu usiofukuza mtu nimeuona wapi. Nikakumbuka nimeuona kwa Yunisi, akicheka. Mimi nilikuwa napiga magoti usiku na mchana nikimtafuta Mungu kwa ajili ya mgonjwa, naye alikuwa amelala pale kitandani ndani ya mgonjwa, anafurahi kwamba mtoto amekula.

Hukumuua mama yako. Figo zilimuua, na wewe muuguzi unalijua hilo kwa kichwa. Nataka ulijue na kwa tumbo.

Mungu nilimwomba msamaha zamani, akanipa. Kwako sikuomba. Nikajilaza juu ya msamaha wake nikajifunika, nikajiambia yamekwisha, kumbe nilikuwa nimelipia duka moja nikajidai nimelipa yote. Huo nao ni ujanja, na nimeufanya huku nikiimba. Basi leo naomba kwako. Nisamehe, mwanangu. Usiharakishe kwa sababu mimi ni mzee. Kama hupo tayari, kaa na barua hii, hata mpaka nimezikwa. Sitakuombea mabaya.

Wala sikuambii urudi kanisani. Ukitaka utarudi. Nakuambia tu yule uliyeachana naye hakuwa yeye. Alikuwa bibi yako na mtemi wake. Huyu mwenyewe, Petro alimkana mbele ya watu, na walipokutana tena ufukoni alikuta moto umeshawashwa na samaki juu yake. Aliambiwa ale kwanza. Maswali magumu yalifuata baada ya chakula. Nimeisikia habari hiyo tangu ujana wangu na nikaifundisha, na sikuwahi kuwaza kwamba samaki yule alipikwa na mtu aliyekosewa. Ukifika huko ugenini, siku moja ukiwa peke yako, mgombeze hata kwa neno moja. Kwa Kigogo. Anakielewa vizuri.

Nasikia mbwa wanabweka, nadhani unarudi. Barua naitia katikati ya mlenda mkavu niliokufungia wa safari, utaikuta ukipika. Usinijibu kwa simu ya jirani, mwenye simu anasikiliza kuliko mimi.

Tangu mwaka ule sijapanda karanga hata mbegu moja. Za jana nilizinunua mnadani. Mvua zikianza napanda kile kipande cha nyuma ya ghala. Goti halikubali kuinama, nitapanda nimekaa, najisogeza kwa makalio, watu wacheke. Mwezi wa tano zitakuwa tayari.

Njoo wakati huo. Usilete sukari. Ukishuka kwenye bodaboda usipige hodi, usije kuniamkia, shikamoo itangoja. Pita moja kwa moja nyuma ya ghala, ng'oa shina, likung'ute udongo, chuchumaa pale pale ule mbichi mpaka mashavu yajae. Usiombee kwanza. Mimi nitakuja nikukute.

Bibi yako, mke mwenzio